Fundi wa Dirishani

Malimi alikuwa fundi umeme anayejulikana Igoma nzima, na bado kwa siku tisa mfululizo alikuwa anaoga maji baridi kwa jirani yake Maige. Sababu ni mama mkwe. Gladness, mke wake, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama yake alikuwa ametoka Usagara kuja kumkanda. Sasa kwa watu wa kwao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hawaitani kwa majina wala hawasemeshani ana kwa ana, na bafu analooga mama mkwe halikanyagi. Ndivyo walivyo, jamani, usiniulize mimi.

Mama alitaka kumkandia bintiye kwake Usagara, kuni zilikojaa. Malimi ndiye aliyejigamba kwamba ana hita ya maji, mtumba wa Dubai alioununua Mabatini. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilikuwa imekolea miaka hiyo na kila kitu kilipatikana. "Ndoo tatu za moto asubuhi, tatu jioni, moshi hakuna," alimpelekea salamu. Mama akaja kwa sharti moja: siku hita ikishindwa, anaondoka na binti na mjukuu mpaka arobaini iishe.

Siku ya kumi hita ikagoma.

Malimi aliitwa nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la bafu. "Mwambie baba yako," sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, "maji ni ya baridi. Jioni yakiwa hivihivi, kesho tunakwenda Usagara."

Alikuwa anamwambia mtoto, aliyepakatwa na Gladness mlangoni mwa bafu. Huyo mchanga wa siku kumi ndiye aliyekuwa mjumbe wao, na kazi yenyewe aliifanya amelala.

Malimi alishtuka. Kila jioni alikuwa anamlaza yule mtoto kifuani na kumnusa kichwa, na alimpenda mpaka akajishangaa. Mwezi mzima bila yeye? Aka!

"Mwanangu, mwulize bibi, maji ya bomba yalikatika?"

"Mwambie yalikatika tangu alfajiri. Yamerudi sasa hivi."

Lo! Hapo hapo Malimi akajua. Maji ya bomba yalipokatika, yale ya ndani ya hita yalirudi chini kwenye mpira, hita ikabaki inachemsha hewa mpaka ikajizima yenyewe. Kuna valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Hakuifunga. Ilikuwa kwenye boksi lake la vifaa, mwezi wa pili huo.

 Kisha mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwulize baba yako, ni mimi niliyeiharibu? Asubuhi niliigusagusa."

Hapo fundi mwingine angeitikia haraka na kujiokoa. Malimi akasogea karibu na dirisha.

"Mwambie bibi si yeye. Kosa ni langu. Nilikuwa nimfungie kidude cha kuzuia maji, nikawa kila siku nasema kesho."

 Akaenda kuchomoa fyuzi, akazitia mfukoni, akapitisha bisibisi dirishani huku uso ameuelekeza kwenye ua wa Maige.

"Mwambie bibi umeme haupo, asiogope. Afungue koki ya maji ya moto mpaka yatoke bila kukohoa."

Koki ikakohoa, ikatema, mwisho ikatiririka.

"Sasa apande kwenye stuli, afungue kifuniko cha chini cha hita, skrubu mbili. Ndani ataona kidude chekundu. Akibonyeze mpaka kilie."

Stuli ikalia, skrubu moja ikadondoka sakafuni, mama akasonya. Halafu: tik!

"Kimelia!" mama akapiga kelele. "Kimelia, Malimi!"

Jina lake! Malimi akainama kwa aibu, Gladness akicheka mpaka mtoto akaamka. Kifuniko kiliporudishwa Malimi alirudisha fyuzi, kisha akachukua spana na kufunga ile valvu kwenye bomba la nje. Hakuna aliyemwambia kama wanakaa au wanakwenda.

Jua lilipoinama alichukua taulo lake kwenda kwa Maige. Kwenye mlango wa nyuma akakuta ndoo imefunikwa kwa sinia, na sabuni juu yake. Alipoinua sinia mvuke ukamjaa usoni.

"Mwambie baba yako," sauti ikatoka dirishani, "aende nayo kabla haijapoa. Na jioni zote zilizobaki, mpaka arobaini, ataikuta hapo."