Waliohudumiwa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Ukitaka kugombana na Letisia, mtendaji wa kijiji cha Itulanga, mwambie taarifa yake imechelewa. Mwanamke yule hajawahi kuchelewesha taarifa hata siku moja, na hilo ndilo lililomponza.

Ilikuwa mwisho wa Juni, baridi ya kukata masikio, Dionis alipopiga simu. Dionis ni afisa mipango kule halmashauri, kijana mpole, ila siku za kufunga mwaka wa fedha hugeuka mbogo.

"Dada Letisia, zahanati yenu imekamilika?"

"Imekamilika. Bati, milango, rangi, hata bango tumesimika."

"Basi nipe idadi ya waliohudumiwa. Mfumo haukubali kisanduku kitupu, na sifuri unaikataa. Fanya haraka, nimebakiwa na nusu saa."

Loh! Wahudumiwe na nani? Hakuna muuguzi aliyewahi kukanyaga pale. Jengo lilipokaa bure, wanakijiji waliomba wahifadhi humo mbegu zao za viazi, na kila aliyeleta gunia aliandikwa kwenye kitabu cha wageni. Kitabu chenyewe kilikuwa mezani. Letisia akatazama namba ya mwisho.

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Wamehudumiwa?"

"Wamehudumiwa," akajibu, akakata simu. Alijiambia kwamba si uongo mkubwa, maana hata kutunziwa mbegu ni huduma. Lakini chai yake ya jioni ile haikushuka.

Agosti ikafika. Asubuhi moja Rejoice akaingia ofisini, mjamzito wa miezi saba, akijishika kiuno. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kando ya barabara ya kwenda Makambako, kwenye nyasi zenye umande, mama mkwe akimkinga kwa kitenge.

"Kamwene, mama mtendaji," akasalimia. "Nimekuja kuuliza, muuguzi anakuja lini?"

Letisia akampigia Dionis papo hapo, akaweka sauti kubwa ili Rejoice asikie mwenyewe. Bora asingeweka.

"Muuguzi wa nini tena, dada? Ninyi mmeshaanza kutoa huduma. Wauguzi wapya wanakwenda kwenye zahanati ambazo hazijaanza. Kesho kikao cha tathmini kikipitisha taarifa ya mwaka, orodha inafungwa mpaka mwakani."

Rejoice alimtazama Letisia, akatazama tumbo lake, akaaga kwa adabu na kuondoka. Angetukana ingekuwa nafuu. Letisia alibaki amekaa, kisha akaipiga meza kwa kiganja. Namba ile aliitoa kwa mdomo wake, na kwa mdomo huohuo angeifuta.

Kesho yake alifika Njombe, kwenye ofisi za halmashauri, mapema, kabla ukungu haujaondoka. Dionis alimkuta mlangoni pa ukumbi, akasikia alichokuja kufanya, akamvuta pembeni.

"Dada yangu, una wazimu? Utafukuzwa kazi, na mimi nitakufuata. Iache ipite, mwakani tutarekebisha."

"Mimba haingoji mwakani, Dionis. Nipishe nipite."

Kikao kilianza kwa sala, kikaendelea kwa sifa. Mwenyekiti wa halmashauri, mzee mnene mwenye miwani puani, alisoma taarifa kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Alipofika Itulanga, picha ya zahanati nyeupe ikaonekana ukutani.

"Imekamilika, na imehudumia wananchi mia tatu na kumi na mbili!"

Madiwani wakapiga meza kwa furaha. Letisia akanyoosha mkono.

"Mtendaji wa Itulanga, unataka kutoa shukrani?"

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nataka kusahihisha. Wale mia tatu na kumi na mbili si wagonjwa. Ni watu waliohifadhi mbegu za viazi."

"Kumbe viazi vimelazwa wodini!" diwani mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Letisia alisimama vilevile, akawasubiri wamalize.

"Chekeni, waheshimiwa, hata mimi ningecheka. Ila mwezi wa kumi kuna mama atajifungua kijijini kwangu. Hatapata muuguzi, kwa sababu karatasi hiyo inasema tayari anaye. Niliyetoa namba ni mimi."

Kicheko kikakatika. Nyuma kabisa, kiti kikagonga sakafu. Alikuwa Dionis, amesimama, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Na niliyeilazimisha ni mimi, Mheshimiwa," akasema. "Sikumuuliza wamehudumiwa nini."

Mwenyekiti akavua miwani. Alimtazama Letisia, na hasira ilikuwa wazi usoni pake.

"Mtendaji, unajua adhabu ya kuipa halmashauri taarifa ya uongo?"

"Naijua, Mheshimiwa. Barua yangu ya adhabu naomba iandikwe leo leo, siikimbii. Lakini na Itulanga iandikwe leo leo kwenye orodha ya wasio na muuguzi, kabla haijafungwa."

Mwenyekiti akashusha pumzi, akamgeukia mwandishi wa kikao.

"Andika vyote viwili," akasema. "Anza na muuguzi."