Mjerumani Aliyeachwa Nithi

Misheck Murungi alikuwa na wapenzi wawili, na mmoja wao alikuwa akivuja mafuta.

Huyo wa kuvuja watu wa Kinoru walimwita Mjerumani. Lilikuwa gari jeusi, refu, la heshima zake, ambalo Misheck alilinunua kwa meneja mmoja mstaafu likiwa tayari limekula chumvi. Likiwa zima, hakukuwa na gari Meru nzima lililopanda mlima kwa upole ule. Lakini lilikuwa zima lini? Gaskiti ikizibwa, taa ya injini inawaka. Taa ikizimwa, giaboksi inaanza kurukaruka. Spea ziliagizwa Nairobi, na wauzaji wa Nairobi wakisikia ni la Kijerumani, hata sauti zao zinanenepa. Bonasi ya mwaka mmoja ya majani chai ya shamba lake ilimezwa na giaboksi, ya mwaka uliofuata ikamezwa na shoki, na fundi wake, Runji, akajenga nyumba ya mawe.

Mpenzi wa pili alikuwa Ann, mwalimu huko Embu. Walikutana miaka tisa iliyopita kwenye harusi pale Makutano, wakaongea mpaka viti vikaanza kukusanywa. Tangu siku hiyo moyo wa Misheck ulihamia Embu, mwili ukabaki Kinoru ukimngoja Runji. Angeweza kupanda gari la abiria kama watu wengine. Lakini yeye aliona mwanamume haendi kwa kina msichana akiwa amebanwa katikati ya magunia. Alitaka afike na Mjerumani aking'aa, kisha siku moja arudi Meru na Ann ameketi kiti cha kushoto. Picha hiyo aliendesha nayo kila siku. Wakati mwingine alikinyooshea mkono kile kiti kitupu, halafu akaona haya peke yake.

"Nikimaliza kutengeneza gari nakuja," alimwambia Ann kwenye simu. Ann alisema sawa. Mwaka baada ya mwaka, ile sawa yake ilizidi kuwa fupi.

Aliyechoka kwanza alikuwa baba yake Ann, mzee Muthamia. Alizaliwa Igembe, akaletwa Embu na kazi ya mifugo akiwa kijana, akanunua shamba, akabaki. Sasa miguu ilikuwa imekataa safari, na kwao alikuona ndotoni tu. Alituma neno kwamba kama huyo Misheck ni mtu wa kuoa, alete ncoolo Jumamosi, kabla ya saa nane mchana. Ncoolo ni kile kifungu cha miraa ya miti ya zamani, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho Mmeru humpelekea baba wa msichana. Kikipokelewa, mazungumzo ya ndoa yameanza. Kwa mzee Muthamia, kikifika kimenyauka hayakuwapo mazungumzo.

"Na itoke Kangeta, kwetu Igembe," mzee alisisitiza. "Nikiona imelala, huyo kijana asiketi hata."

Kijana mwenyewe alikuwa na mvi. Jumamosi alfajiri alikuwa Kangeta, akasimama pale mpaka kifungu kikafungwa mbele ya macho yake, kingali na umande. Wazee wawili wa ukoo wake walikuwa wametangulia Embu kwa basi, maana walikataa katakata kupanda Mjerumani. Misheck alitaka kukiweka kifungu kwenye buti, lakini kufuli ya buti ilikufa tangu Pasaka. Akakiweka kwenye kiti cha kushoto, akakifunga mkanda.

Mjerumani akaondoka kwa madaha. Wakapita Meru mjini, wakapita Nkubu, na Misheck akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Wakateremka bonde la Nithi vizuri. Walipoanza kupanda upande wa pili, sindano ya joto nayo ikapanda, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Misheck aliegesha kando, akampigia Runji simu.

"Maji inamwagikia wapi?" Runji aliuliza.

"Huku mbele, karibu na mkanda wa injini."

"Hiyo ni pampu ya maji. Imeenda. Sasa sikiza, mkubwa. Wacha ipoe, uongeze maji, halafu ufungulie hita yote, feni mpaka mwisho. Itavuta ile moto ya injini ikuletee huko ndani. Utaiva wewe, lakini Embu utafika. Pole pole tu."

Akafanya alivyoambiwa, na kweli sindano ikashuka. Moto wote wa injini ukaingia ndani. Kufungua madirisha hakukuwezekana: mawili yalikuwa yamegoma, moja lilishikiliwa na kijiti lisianguke ndani ya mlango, na la nne hakulijaribu kwa hofu. Jasho lilimtiririka mpaka kola ya shati ikalegea. Hilo hakulijali. Kilichomshtua ni harufu ya majani ya mgomba yakianza kuiva. Akanyoosha mkono, akakigusa kifungu. Kilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa, na ncha za juu zilikuwa zimeanza kuinama.

Akazima hita. Sindano ikapanda. Akaiwasha. Majani yakazidi kunuka. Mlima ulikuwa bado mrefu, na saa haikuwa ikimngoja mtu.

Akasimama kabisa. "Mimi nimekulisha!" alilipigia gari kelele, huku akiupiga usukani. "Nimekulisha kuliko mtu!" Halafu akanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ile picha ya Ann kwenye kiti cha kushoto ilikuwa inakufa hapo hapo. Tusidanganyane, mtu mzima alilia. Kisha akakifungua kifungu mkanda, akafunga milango, akasimama barabarani na kusimamisha lori la ndizi lililokuwa likipanda kwa kugumia. Dereva alimruhusu kukiweka kifungu katikati ya ndizi mbichi, kwenye ubaridi. Misheck akapanda huko huko nyuma, akakinyunyizia maji ya chupa njia nzima. Aligeuka kumtazama Mjerumani mpaka kona ikamficha.

Kwa mzee Muthamia alifika kabla ya saa nane, koti likiwa na utomvu wa ndizi. Mzee akakifungua kifungu, akachomoa kijiti kimoja, akakiangalia. Majani yalikuwa wima. Hakukitafuna; alikisogeza puani, akakaa nacho hapo muda mrefu, macho amefumba.

"Kangeta kumenyesha," alisema.

"Ndiyo, mzee. Juzi."

"Nimejua." Akajipangusa macho kwa kiganja, bila kujificha. "Keti."

Baadaye Ann alimkuta nje, ukutani, akamletea chai. Nywele zake nazo zilikuwa zimeanza kubadilika pembeni, na Misheck alitamani angeziona zikibadilika moja moja.

"Umekuja na nini?" Ann aliuliza.

"Lori ya ndizi."

"Na ile gari?"

"Nimeiacha Nithi, kando ya barabara."

Ann alimtazama usoni kuona kama ni mzaha. Misheck alipokea kikombe, lakini macho yakamtoroka tena kuelekea barabarani.

"Unaifikiria," Ann alisema.

"Naifikiria." Hakuona sababu ya kumficha. "Imekaa huko peke yake, Ann. Sijui imepoa, sijui watu wameifungua. Haijui hata kama nitarudi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Mimi nimekaa hivyo miaka tisa," Ann alisema. "Kunywa chai."