Mtaa wa Nyumba za Bluu

Baba yangu alikuwa fundi rangi kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo alikuwa na ugomvi mmoja tu usiokwisha: bluu ya kalenda. Kampuni moja ya rangi iliwahi kuwagawia mafundi kalenda yenye picha ya mji mkongwe wa pwani, mtaa mwembamba wenye nyumba za mawe zilizopakwa bluu tupu, kuta mpaka madirisha. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki ukutani. Baba aliijaribu bluu ile kwenye mlango wetu wa jikoni mara saba. Kila akimaliza anarudi nyuma hatua mbili, anakunja uso, anasema, "Bado." Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia kwamba mlango huo ukizidi kunenepa hautafungika.

Basi mwaka juzi daktari wa macho aliponiita pembeni akaniambia baba ana presha ya macho, imeshamaliza jicho moja na sasa iko kwenye la pili, na kwamba kama kuna kitu mzee anatamani kukiona akakione mapema, sikuwa na haja ya kuuliza ni kitu gani. Mimi ni muuguzi, na ndimi ninayepanga zamu za wodi nzima. Nikasema tutakwenda Desemba. Desemba tukapungukiwa watu. Aprili wodi ikafurika wagonjwa wa kuhara. Agosti nikapelekwa semina. Na miezi iliyobaki ikapita hivyo hivyo. Baba anaishi kwa mdogo wangu wa kiume, na kila nilipopiga simu kuahirisha alinijibu vilevile: "Haya, Bi Zamu. Nyumba za mawe hazina miguu."

Mwezi uliopita hatimaye tulikwenda, siku tatu, mimi na yeye. Wifi yangu alimfungia nguo, akanisisitizia nimshike mkono kwenye ngazi. Miguu yake haina nguvu siku hizi, alisema, huku akiangalia pembeni.

Hotelini baba alitembea kutoka kitandani hadi bafuni na kurudi, mara tatu, mkono ukutani. Nikadhani anakagua kazi ya fundi mwenzake. Asubuhi, mezani, alijimiminia chai akiwa ametia kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Nikamjia juu mbele ya wahudumu. "Baba! Kidole kwenye chai? Tuko mbele za watu hapa." Aliniomba radhi, akakipangusa kidole kwa kitambaa. Nasimulia haya nikiona aibu.

Tukatoka. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba, nguo zinaanikwa dirisha hadi dirisha, na mawe ya njia yamelainika kwa kukanyagwa. Baba alinishika kiwiko, akitembea kidogo nyuma yangu. Wodini walinipigia simu mara mbili, na mara zote mbili alisimama akanisubiri bila kulalamika.

Tulipoingia kwenye mtaa wenyewe nilisimama ghafla. Hapakuwa na bluu. Nyumba zote zilikuwa zimekwanguliwa na kupakwa praima nyeupe, ile rangi ya kutangulia, makopo yamepangwa chini, na fundi mmoja mwenye kofia ya gazeti alikuwa juu ya ngazi akiziba nyufa. Miaka yote ile, halafu tunakuja wiki ambayo mtaa umevuliwa rangi yake! Nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza baba.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, baba, ila..."

"Hebu ngoja." Akaniachia kiwiko. Akarudi nyuma hatua mbili, akauinulia uso ukuta ule mweupe, akavuta pumzi. Kisha akatabasamu. "Ndiyo hii! Na wameipaka juzijuzi, harufu yake bado mbichi. Sasa nimeona nilipokuwa nakosea. Mimi nilikuwa natia nyeusi kuipunguza ukali. Kumbe wenzangu wanatia kijani, kidogo tu."

Fundi aliacha kazi. Akamtazama baba, akanitazama mimi. Nimemulika tochi kwenye macho ya watu nisioweza kuwahesabu, na ya baba yangu sikuwa nimeyaangalia. Nilimtikisia fundi kichwa, asiseme.

"Umejuaje, mzee?" fundi alisema. "Kijani kidogo, ndiyo. Wengi hawalijui hilo."

"Mimi fundi mwenzako," baba alijibu kwa fahari, akampungia mkono. Aliupungia mlango wa nyumba ya pili.

Nilimkalisha kwenye benchi la mawe mwisho wa mtaa. Nilijiapiza kunyamaza, lakini mimi sina kifua.

"Tangu lini, baba?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu mvua za mwaka jana."

"Na kule nyumbani wanajua?"

"Niliwaapisha wasiseme."

"Mimi muuguzi, baba! Mimi ndiye wa kuambiwa kwanza!" Nilipayuka mpaka mama mmoja aliyekuwa akiosha kizingiti chake akaacha kuosha. Machozi yalinitoka. Nilimfokea yeye, na hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. "Ungepiga simu. Ungeniambia."

"Ningekuambia," alisema taratibu, "ungekuja?"

Kazini nimewadanganya ndugu wa wagonjwa, nimesimama nao kwenye korido nikawaambia mambo yatakuwa mazuri, bila kupepesa macho. Hapa palihitajika neno moja tu, tena kwa mtu asiyeuona uso wangu. Nilifungua mdomo, halikutoka. Ninajijua. Ningemwambia, basi, baba, safari ya nini tena, wewe pumzika nyumbani. Kisha ningeingia zamu.

 Alipoona jibu haliji alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wangu.

"Nilitaka siku tatu na wewe, mama," alisema. "Zimebaki mbili na nusu."