Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Ezera alibonyeza kidole gumba katikati ya ubao, akakiinua, na alama yake ikabaki pale ikimeremeta kama muhuri. Nilikuwa nimemkataza. Mvua ya mji wetu wa Hilo ilikuwa imenyesha wiki nzima, na vanishi, hata ndani ya karakana yangu iliyofungwa madirisha, ilikataa kushika.

"Bado mbichi," alisema, kwa furaha ya mtu aliyemfumania mwenzake.

Ubao ule wa kupandia mawimbi tuliuunda sisi wawili tulipokuwa wanafunzi wa bweni Honolulu: mbao nyekundu, mrefu kuliko mlango, mtupu ndani kama ngoma. Tuliulalia kifudifudi kwa zamu, tukapiga maji kwa mikono hadi nje ya miamba. Shule ile ilitufundisha kuamka kabla ya kengele, kutandika kitanda bila mkunjo, na kutoacha kazi nusu. Wenzangu wengi waliyavua mafunzo hayo pamoja na sare. Mimi sikuyavua, wala sioni aibu kusema hivyo.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Bei za nyumba mtaani kwetu Keaukaha ziliwashinda vijana, wakahamia Las Vegas, jangwani, na wazazi wakawafuata. Ezera alimfuata binti yake, Iwalani. Mke wangu alifariki mwaka uliofuata. Ubao ukabaki darini kwangu, ukibanduka ngozi.

Siku Iwalani aliponipigia simu kwamba baba yake anakuja, aliongea kwa tahadhari. Figo zilikuwa zimekwisha. Madaktari walimruhusu asafiri kati ya kusafishwa damu mara moja na nyingine, na alichotaka ni kimoja tu: kulala juu ya ule ubao, baharini, kwa mara nyingine.

Nikaushusha. Nilikwangua vanishi ya zamani, nikapiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, nikapaka, nikasubiri, nikapiga msasa tena. Chakula cha mchana nilikila hapo hapo karakanani, nimesimama, maana ndani ya nyumba kulikuwa na meza ya viti vinne na mtu mmoja. Nilikuwa nimekadiria kwamba mkono wa mwisho wa kupaka ungekauka kabla hawajatua. Sikuikadiria mvua.

Sasa walikuwa mbele yangu, na kesho yake asubuhi walikuwa na safari ya ndege. Niliwaeleza kwamba vanishi mbichi ikiingia kwenye maji ya chumvi hugeuka nyeupe, na kazi yote huanza upya. Nikasema Jumatano.

Iwalani aliinamisha macho. "Anko, Jumatano tutakuwa Vegas."

Nikasema basi, waje tena Krismasi. Matone yaliendelea kugonga bati.

"Mahoe," Ezera alisema hatimaye. Hajawahi kuniita kwa jina jingine tangu bwenini. "Bado unamwogopa mwalimu wetu wa useremala? Yule mzee tulishamzika, bwana. Nilibeba jeneza mimi." Alicheka mpaka akakohoa. "Sikuja kuukagua. Nimekuja kuupanda."

"Utaharibika."

"Na mimi je?"

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayeuliza kama chai imebaki. Nikazunguka meza, nikashika ncha moja ya ubao. Iwalani akashika nyingine. Ezera alitufuata na mkongojo wake, akitukebehi njia nzima kwamba tunatembea kama mashemasi.

Kwenye kidimbwi cha ufukweni kilichozingirwa na mawe meusi, ambako chemchemi huingia baharini, maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Nilisimama yakinifika kifuani. Binti yake alimsaidia kulala. Kifua chake kitupu kilinasa kwenye vanishi kwa sauti ndogo ya mnato. Nikausukuma ubao. Alipiga maji mara chache, kisha mikono ikatulia pande zote mbili, ikielea. Shavu lake lilikuwa kwenye mbao, uso umenielekea. Hakutania tena.

Tulipofika jiwe la mwisho nilianza kuugeuza.

"Tusirudi kwanza," alisema.

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikaendelea kusukuma.

Walipoondoka, vanishi ilififia kote, juu na chini. Lakini pale alipolala Ezera palichunika na kuwa peupe kabisa: kifua, magoti, na doa dogo la shavu. Niliuweka tena juu ya meza. Majirani walioniuliza niliwaambia kazi inaendelea.

Mwezi wa Agosti Iwalani alipiga simu. Nilimsikiliza nimesimama, nikampa pole, nikamshukuru kwa kunijulisha, nikarudisha mkono wa simu mahali pake. Kisha nilikwenda karakanani, nikakata msasa mpya, nikaupindua ubao na kuanza na upande wa chini, ambao Ezera hakuulalia. Nilifanya kazi hiyo majuma mengi, bila haraka, hadi taa ya darini ikaonekana ndani yake kama ndani ya kisima.

Nilipoumaliza upande huo, nilikunja msasa mwingine, nikauanza upya upande ule ule wa chini.