Semina ya Kumjali Mgonjwa

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda thelathini na wagonjwa arobaini na saba. Waliozidi walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na waliokosa hata hiyo nafasi walitandikiwa chini, katikati ya njia, hata muuguzi akipita na sinia la dawa ilibidi anyanyue miguu kama kuku aliyekanyaga tope. Mashine ya kupimia presha ilikuwa moja. Mpira wake ulipasuka tangu mwaka juzi ukafungwa kwa plasta.

Wauguzi walikuwa wawili. Mkuu wa wodi walimwita Sindano Moja, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumchoma mgonjwa yeyote mara mbili akitafuta mshipa, hata vikongwe ambao mishipa yao hukimbia ikiona sindano. Mwenzake walimwita Mama Kijacho. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na miguu ilikuwa imemvimba hadi akavikata viatu vyake visigino akawa anaviburuza kama ndara.

Saa nne asubuhi waliletewa Mwalimu kutoka chumba cha upasuaji. Alikuwa ametolewa uvimbe tumboni. Kwa miaka thelathini mwanamke yule alifundisha darasa la kwanza katika shule ya jirani, na nusu ya watu wa mtaa ule walijifunza herufi kwake. Hata kabla dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, alifumbua jicho moja akauliza, "Nani anapiga kelele huko nyuma?"

Wagonjwa wakacheka. Sindano Moja akampima presha: mia na kumi na nane kwa sabini na nne. Akaiandika kwenye chati, akaandika na saa. Mgonjwa wa namna ile hupimwa kila robo saa, kwa sababu tumbo lililoshonwa linaweza kuvuja damu ndani kwa ndani wakati nje bandeji ni nyeupe pe.

Alikuwa hajaining'iniza chati alipoingia Matroni.

Matroni ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wote wa hospitali ile. Alikuwa na miaka tisa hajamgusa mgonjwa, na sare yake ilikuwa nyeupe kwa sababu hiyo hiyo. Alisimama mlangoni, maana huko ndani kulikuwa na harufu.

"Bado uko hapa? Ukumbini semina imeanza."

"Matroni, nimepokea mgonjwa sasa hivi. Anataka kupimwa kila robo saa."

"Barua ilisema kila mkuu wa wodi ahudhurie bila kukosa. Uliiona?"

"Niliiona, na nikaijibu kwa maandishi kwamba hapa tuko wawili."

"Hilo ndilo tatizo lako. Mtu anakuletea fursa, wewe unaleta hesabu za watu. Kiongozi hang'ang'anii kitanda cha mgonjwa. Kiongozi anakasimu."

"Nimkasimie nani? Ukuta?"

Matroni akaelekeza kidevu kwa Mama Kijacho, aliyekuwa amepiga magoti kwa shida akimgeuza mgonjwa wa chini. "Si huyo hapo? Mimba si ugonjwa."

"Semina yenyewe inahusu nini?"

"Kumjali mgonjwa."

"Sasa tukienda wote kujifunza kumjali mgonjwa, mgonjwa atajaliwa na nani?"

Mwanamke mmoja wa chini alicheka kwikwi, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Uso wa Matroni ukakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. "Unakuja, au niandike kwamba umekaidi?"

Sindano Moja alikuwa tayari na barua mbili za onyo kwenye faili lake. Moja ilikuwa ya kuomba glavu mara nyingi kupita kiasi, nyingine ya kuwaambia wageni waheshimiwa kwamba bomba la wodi halitoi maji. Barua ya tatu ilimaanisha kufukuzwa. Alimwonyesha Mwalimu kwa kidole, akamwambia mwenzake, "Huyu kila robo saa, mdogo wangu. Hata kama unapita tu, mshike mkono. Ukiwa wa baridi nipigie." Kisha akaenda. Hakuburutwa. Alikwenda kwa miguu yake.

Ukumbini viti vilivishwa mashuka meupe, yenye mikunjo mipya ya kiwandani. Mashuka ambayo wodi yake iliyaandikia barua tangu mwanzo wa mwaka, ikajibiwa kwamba hayapo, yalikuwa yamekaliwa na makalio ya wakuu. Mlangoni kulikuwa na kikapu cha simu na mlinzi wa kukilinda. Simu yake ikatumbukizwa humo. Akasaini rejista.

Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka, aliyetembea jukwaani huku na huko kama anayetafuta kitu alichodondosha. "Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Mgonjwa ni mfalme!" ukumbi ukaitikia.

"Sijasikia!"

"Mgonjwa ni mfalme!"

Mganga Mkuu aliitikia akiwa amefumba macho. Daktari aliyempasua Mwalimu asubuhi ile alikuwa kando yake, anakula korosho. Mkuu wa maabara, mwenye ufunguo wa jokofu la damu, alikuwa safu ya pili. Hospitali nzima ilikuwa imehamia mle ndani kujifunza namna ya kuwapokea watu iliowaacha nje.

Walijifunza kutabasamu. Walijifunza kuinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kwa sababu utafiti umeonyesha kwamba upande wa kushoto ndio wenye huruma. Sindano Moja alitazama saa ya ukutani. Robo saa ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Aliinuka mara moja, akafika mlangoni, na mlinzi akamwambia amri ni kutoka wakati wa chai. Aligeuka akakuta Matroni anamtazama, kichwa kimeinama upande wa kushoto.

"Wewe mama uliyesimama!" Mwezeshaji akamwita. "Njoo. Utakuwa mgonjwa wetu. Na Matroni atatuonyesha muuguzi bora anafanyaje."

Wakaunganisha viti viwili, wakamlaza. Matroni akaja juu yake, manukato tupu, akamshika mkono wa kushoto kwa vidole viwili.

"Unajisikiaje, mteja wetu mpendwa?"

"Nimetoka kupasuliwa," akasema Sindano Moja akiitazama dari. "Nina kiu. Nimeita, hakuna mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Aliigiza vizuri, wakasema baadaye.

Wakati kicheko kinaisha, mlango ukasukumwa. Mama Kijacho alisimama pale peku, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya tumbo, na aproni yake ilikuwa na damu toka kifuani hadi magotini. Alikuwa amekimbia ngazi mbili na pumzi ya kusemea hana.

"Safi sana!" Mwezeshaji akapiga makofi. "Tazameni! Ndugu wa mgonjwa anaingia kwa jazba. Tutamtulizaje? Nani atatuambia hatua ya kwanza?"

Watu kadhaa wakanyoosha mikono.

Sindano Moja aliviacha viti vile vikianguka nyuma yake.

Njiani mwenzake alimweleza vipande vipande. Mgonjwa wa kitanda cha ishirini na nane alipatwa na kifafa, akaanguka akajipasua uso. Ndiyo damu hiyo ya kwenye aproni. Alimhangaikia peke yake, na huku Mwalimu alikuwa akiomba maji, akiomba maji, na yeye akimjibu nakuja, Mwalimu, nakuja. Alipofika, mkono ulikuwa wa baridi. Alipiga simu mara kumi na moja.

Bandeji ya Mwalimu ilikuwa nyeupe pe. Tumbo chini yake lilikuwa gumu kama ngoma. Presha ilishuka hadi mashine ile ya plasta ikashindwa kuisoma. Sindano Moja alitafuta mshipa ambao haukuwa tena na kitu ndani, akaupata kwa mara moja, akafungulia maji ya dripu yote, akainua miguu ya kitanda juu ya matofali, akamtuma mama mfagiaji ukumbini kumwita daktari na mwenye ufunguo wa damu.

Mfagiaji alirudi peke yake, anahema.

"Wanapiga picha ya pamoja, sista. Nimeambiwa wakimaliza picha."

Mwalimu alimtazama Sindano Moja. Midomo ilikuwa imekauka, imepauka kama karatasi. "Usiniache tena," akasema, kwa sauti ile ile ya kumwonya mtoto. Alikufa saa saba kasoro dakika kumi. Daktari alikuja saa saba na dakika tano akiwa na kibandiko cha jina lake kifuani, akagusa shingo ya maiti, akasema, "Mngeniita mapema."

Saa tisa Matroni alimwita ofisini. Juu ya meza palikuwa na chati ya Mwalimu. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa. Iliyobaki ilikuwa mitupu.

"Jaza."

"Nijaze nini?"

"Vipimo. Chati haiendi kwenye kamati ikiwa hivi."

"Hakupimwa, Matroni."

"Sikukuuliza kama alipimwa." Matroni akavuta kiti karibu, sauti ikawa laini kama ya mtu anayebembeleza. "Sikiliza, dada yangu. Chati ikibaki tupu, kamati itauliza nani alikuwa zamu. Si wewe. Wewe umesaini rejista ya semina. Aliyekuwa zamu ni mwenzako. Likizo yake ya uzazi inaanza wiki ijayo. Au haianzi. Ni wewe tu."

Nje ya dirisha mama mmoja alikuwa akimkung'utia mwanawe vumbi kabla ya kumwingiza kwa daktari. Sindano Moja alimtazama mpaka wakapotea mlangoni. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, kuvuka mistari yote mitupu: *Hakupimwa. Mkuu wa wodi aliitwa semina kwa amri ya Matroni. Aliyebaki alikuwa muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini na saba.* Akasaini.

Matroni aliisoma bila hasira. Akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Unaweza kwenda."

Kamati ilikaa siku ya tatu. Wajumbe walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwemo kwenye picha ya pamoja. Mezani palikuwa na chati nyingine, safi, isiyo na mkunjo. Mistari yote ilijazwa kwa mwandiko wa mviringo ambao Sindano Moja aliufahamu kama sauti ya mtu: mia na kumi na saba kwa sabini na nne, mia na kumi na tisa kwa sabini na tano, kila robo saa, bila kuruka, mpaka mstari wa mwisho ulioandikwa "ghafla". Kwa mujibu wa chati ile, Mwalimu alikufa akiwa mzima wa afya. Chini yake palikuwa na maelezo mafupi kwamba mkuu wa wodi aliondoka bila kumkabidhi mgonjwa kwa mtu yeyote.

"Haya maelezo ni yako?" mwenyekiti akamuuliza Mama Kijacho.

"Ndiyo."

"Umeyaandika kwa hiari yako?"

Mama Kijacho aliitazama miguu yake. "Ndiyo."

Kwenye varanda alimkimbilia, akamshika mkono. "Dada, nisamehe. Matroni alikaa na mimi mpaka nikamaliza mstari wa mwisho. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sindano Moja alikuwa na jibu, tena la kuchoma. Lakini alikumbuka ngazi zile za ukumbini na jinsi alivyozipanda bila kusukumwa na mtu. Akamwambia, "Kaa chini upumzishe hiyo miguu," akautoa mkono wake taratibu.

Barua ya tatu iliandikwa siku ile ile, akapewa mpaka jioni akabidhi wodi. Alikuwa akimwonyesha mrithi wake kabati la dawa, lenye nafasi nyingi kuliko dawa, mume wa Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wa marehemu. Alikuwa fundi seremala, mzee mrefu mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Matroni alikuwa amemshika kiwiko. Mzee alipita kitanda kwa kitanda akiwapa pole wagonjwa, yeye mfiwa, na akawapa wauguzi mkono mmoja mmoja. "Asanteni. Asanteni kwa yote." Alipomfikia Sindano Moja, Matroni akamnong'oneza kitu sikioni, na mkono ule ukasita hewani.

"Wewe ndiye uliyemwacha mke wangu?"

"Ndiyo, baba. Niliitwa semina, nikaenda. Huyu uliye naye ndiye aliyeniita. Na hiyo chati waliyokusomea ni ya uongo. Mkeo hakupimwa hata mara moja baada ya mimi kuondoka. Aliomba maji mpaka..."

"Mnaona?" Matroni akasema kwa huzuni. "Hata mbele ya mfiwa."

Mzee aliwatazama wote wawili, huyu mwenye sare nyeupe na huyu mwenye sare iliyofubaa. Akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye suruali. "Mimi sijui ya kwenu," akasema. "Mniache nikamzike mtu wangu."

"Hakika, baba. Kuna kikaratasi kidogo tu kabla hujaondoka." Matroni akakitoa mfukoni, akakilaza juu ya kabati. Kilikuwa na nyuso tatu zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya pili haina hili wala lile, ya tatu imenuna.

Mzee alikisogeza karibu na macho, akakirudisha mbali. "Kinasemaje? Miwani sina. Mambo ya kusoma yalikuwa ya marehemu."

"Kinauliza tu kama mlihudumiwa. Weka alama hapa," akasema Matroni, na akaushika mkono wa mzee, kwa upole mkubwa, kichwa kimeinama upande wa kushoto, akauongoza mpaka kwenye uso unaocheka.