Siku 391 Bila Kuzimika

…na sasa skrini inauliza swali lile lile ililoniuliza zaidi ya mara mia mbili katika chumba hiki cha chini ya maktaba, futa diski yote na uweke mfumo mpya, ndiyo au hapana, na kidole changu kiko juu ya kitufe, na Marlys Haugen ameketi upande wa pili wa meza, koti lake la baridi limefungwa hadi shingoni kana kwamba hana nia ya kukaa, anazungumza, kitu kuhusu kanisa, kitu kuhusu sauti ya tatu ambayo hakuna anayeiweza tangu Lenore ahamie Arizona, sisikii vizuri kwa sababu Koski kwenye meza ya jirani anamwambia mtu kwamba kompyuta yake ni nzee kuliko mchungaji wao, wanacheka, na kahawa ya maktaba inanuka kama ilivyonuka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa miaka tisa, na kati yangu na Marlys liko jedwali langu, karatasi ya njano ndani ya plastiki, mifumo mitatu kwa safu mlalo, vigezo vitatu kwa safu wima, uthabiti, gharama, upatanifu wa programu, alama moja hadi tano, nililichora mwenyewe na kila mwaka nalisahihisha, kwa sababu watu wanaokuja hapa wamechoka kuambiwa na wauzaji kipi ni bora na nilitaka wapate kitu kilichopimwa, mimi niliyefundisha takwimu miaka thelathini na moja chuoni hapa Duluth na sikumruhusu mwanafunzi hata mmoja aseme bora bila kusema kwa kipimo gani… "Profesa," Koski anaita bila kugeuka, "unaomba dua au unaweka mfumo?" na nasema naangalia tu kama chaji inatosha, na chaji inatosha, asilimia themanini na nne, waya umechomekwa.

Marlys anasema mtoto wake alishahamisha picha zote, za wajukuu, za kambi ziwani, kwa hiyo hakuna la kuogopa, si ndiyo, na ninaitikia kwa kichwa, hili nimelisikia, picha zimehamishwa, Windows yake ilifika mwisho wa kuhudumiwa mwezi uliopita na kompyuta yenyewe ni nzee mno kupokea toleo jipya, aidha anunue nyingine kwa dola mia sita au aweke mfumo wa Linux bure, na jedwali linasema waziwazi, gharama tano kwa tano, uthabiti tano kwa tano, upatanifu nne, na pembeni ya ile nne, kwa herufi ndogo, maneno mawili, mbadala zipo. Mbadala zipo. Koski alitaka tuandike tatu, tukabishana majira ya kuchipua yote, alisema wewe huishi na watu wanaotumia vitu, Profesa, nikamwambia ninaishi na mmoja, na ni kweli niliishi na mmoja, niliishi na Ardis miaka arobaini na minne, na kompyuta ya Ardis ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu, nilisimama pale mbele, karibu na sinia la keki za mraba, nikawaambia wanachama wote kumi na saba wa klabu yetu kwamba kompyuta ya mke wangu, si seva, si mashine ya maabara, kompyuta ya mwanamke anayeshona mifarishi ya viraka, ilikuwa na siku mia tatu tisini na moja bila kuzimika, na wakapiga makofi, Koski naye alipiga makofi, na nilirudi nyumbani nikamweleza Ardis na yeye alikuwa akimenya viazi, akasema, "Hata jokofu letu halijazimika, Gordi, lakini walau huwa nalifungua," na nikacheka, nilidhani ni utani tu, alikuwa na utani, siku ya kwanza nilipoubadilisha mfumo wake alisema, "Hii mashine yako ni kama yule mchungaji wa muda, haina kosa hata moja na sina la kuzungumza nayo," na nikacheka siku hiyo pia.

Haikuwa kwa ubaya, nataka hilo liwe wazi, ingawa simwelezi mtu, mashine yake ilikuwa imeanza kusuasua, leseni ya toleo jipya ilikuwa dola mia moja thelathini na tisa, na akasema atalipa kwa pesa zake za zawadi za maonyesho ya kaunti, na nikasema kwa nini ulipie kilichopo bure, na kwa nini nyumba ya mtu anayeendesha klabu hii iwe na mfumo wa kulipia, nadhani hilo la pili ndilo lililonisukuma, sikulisema wakati ule, na mafaili yake nilihifadhi yote, kwa uangalifu, faili elfu moja mia tatu na arobaini, michoro ya miaka kumi na moja, nilinakili mara mbili kwenye diski mbili na nikahakiki kila moja hadi herufi ya mwisho, halikupotea hata moja, halafu nilibonyeza kitufe hiki hiki, kwenye diski ile ile, kwa kuwa ilikuwa bado mpya na sikuona sababu ya kununua nyingine. Na programu yake ya kuchorea ikakataa. Ilikuwa ya kampuni ndogo, mtu na kaka yake, ilikuja kwenye CD kwa posta, na nikamwambia mbadala zipo, nikampa mbili, moja ilichora miraba tu, na Ardis hakushona miraba tu, nyingine ilichora chochote duniani ila haikujua kitambaa ni nini, haikujua kwamba kipande kina upindo wa robo inchi, akasema, "Gordi, nirudishie tu mchoro wa ziwa, mmoja tu, mingine nitaichora kwa kukumbuka," na nikasema Jumamosi, na Jumamosi nilikuja hapa kuwasaidia watu… "halafu Ray akasema basi nikununulie hiyo programu kwa Krismasi," Marlys anasema, "maana nilikuwa naandika kwa mkono, sauti nne, na mkono wangu, umeuona," na ananyanyua mkono, vifundo vimevimba, nauona, naitikia kwa kichwa, Ray ni mumewe, alikuwa na duka la boti, bado yuko hai nadhani, nilimwona Agosti… mchoro wa ziwa ulikuwa wa Kari, binti yetu, mfarishi wa kitanda cha watu wawili, Ziwa Superior linapoanza kuganda mwezi Januari, kijivu cha aina ishirini na mbili, alikwisha kata vipande vyote kabla sijaubadilisha mfumo, vipande mia sita kumi na nane, kila kimoja kimebandikwa kijikaratasi, G14, M3, Q22, vimepangwa ndani ya makopo tisa ya biskuti, na namba zile zina maana mahali pamoja tu ulimwenguni, ndani ya faili lenye ukubwa mdogo kuliko picha ya simu, ninalo, lipo salama, ninalo katika nakala nne.

Baada ya mazishi ya Ardis walikuja wale wanawake wa kikundi chake cha kushona, watano, na mabakuli yao ya viazi na nyama yaliyofunikwa karatasi ya alumini, wakavua viatu mlangoni wakavipanga ukutani, na Bernice ndiye aliyesema, "Tunajua kuna wa Kari kwenye makopo, tutaumaliza sisi, Gordon, kabla ya theluji, wewe tutolee mchoro tu, si uko kwenye kompyuta?" na nikasema ndiyo, uko kwenye kompyuta, na hilo halikuwa uongo. Tangu Aprili hadi Septemba nilijaribu, miezi mitano niliifanya kazi niliyoiahidi kwa Jumamosi moja, niliweza kuifanya ile programu ijifungue ndani ya mfumo wangu, herufi zikawa visanduku vyeupe, rangi zikawa zambarau, halafu ikaomba namba ya ruhusa kutoka kwa kampuni, na simu ya kampuni haiiti, na yule kaka aliyebaki, nilimpata, yuko Idaho, ana miaka themanini na moja, alinijibu kwa adabu kwamba kompyuta iliyokuwa ikitoa zile namba aliitupa alipouza nyumba, pole sana, na mashine ya zamani ya mkeo ingekuwa na ruhusa yake tayari, hiyo ingefunguka mara moja, bado unayo ile diski? Bado unayo ile diski. Bernice amepiga simu mara mbili, mara ya mwisho jana, nikamwambia bado kidogo, na nilisikia ameelewa, akaanza kuzungumza habari za barafu barabarani.

Na usiku mmoja, hapana, ilikuwa asubuhi, Mei, nilifungua kumbukumbu za mashine ya Ardis, zile zinazoandika nani ameingia na lini, nilikuwa natafuta kitu kingine, na nikaona jina lake, ardis, kwa herufi ndogo, ameingia, dakika arobaini, ametoka, ameingia, dakika kumi na mbili, ametoka, ameingia, dakika tatu, ametoka, na baada ya hapo hakuna, na nilihesabu kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, hadi ile jioni ya makofi mashine ilikuwa imewaka siku mia tatu tisini na moja, na Ardis aliitumia katika siku tisa za kwanza. Siku mia tatu themanini na mbili haikuguswa. Nilikuwa nimeiwekea betri yake ili umeme ukikatika isizimike, niliipangusa vumbi, nilipita kila jioni nikaona taa ya kijani nikaridhika, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeniuliza, Profesa, hiyo ngazi imethibitishwa imara kwa uzito gani, na ningempa alama nzuri, kwa sababu ngazi isiyopandwa haivunjiki, nilikuwa nikilisema hilo kila Septemba, nikichora ngazi ubaoni, na darasa likicheka… na Ardis alikuwa wapi siku hizo zote, alikuwa chumba cha pili, mezani, na karatasi za miraba na rula, anashona michoro ya watu wengine kutoka magazetini, na nilimwona, nilimpelekea kahawa, nikamwuliza mashine inaendeleaje, akasema, "Haijazimika," na nikalichukua jibu hilo, nikaliandika.

"…kwa hiyo nyimbo ziko humo zote," Marlys anasema, na sauti yake imepanda kidogo kama mtu anayeuliza swali, "tangu mwaka elfu mbili na sita, za Pasaka, za Krismasi, ile ya mazishi ya Lloyd, na kwaya haina nakala nyingine maana huwa nachapa wakati wa kuimba tu, lakini karatasi yako hapa inasema mbadala zipo," na kidole chake chenye kifundo kilichovimba kiko juu ya plastiki, juu ya herufi zangu ndogo, "basi mimi naiamini, wewe ndiye unayejua," na skrini inauliza, ndiyo au hapana, haina haraka, mfumo huu hautaganda hata nikiuacha hapa mpaka Jumatatu, katika hilo niko sahihi, na Koski amegeuka sasa, ana kipande cha keki mkononi, anasema, "Vipi, Profesa, kitufe kimekwama?" na hatanii, ananitazama, alikuwapo mazishini, alibeba jeneza upande wangu, na sijui alichokisoma usoni mwangu lakini anaiweka ile keki chini. Picha zimehamishwa. Hilo ndilo nililolisikia. Picha zimehamishwa, dola sifuri, tano kwa tano, na amekaa hapa dakika sita ananieleza kitu kimoja tu na mimi nimeitikia kwa kichwa mara mbili, ninajua nimeitikia mara ngapi, na sijui programu inaitwaje, sijui nyimbo ni ngapi, sijui kama Ray anaimba. Diski mpya ni dola arobaini dukani, ya zamani hutolewa kwa skrubu mbili na kukaa kwenye droo, inafunguka mara moja, au mashine ibaki kama ilivyo, iondolewe mtandaoni, ichape nyimbo hadi ife, yapo mengi ya kufanya na hakuna hata moja ninaloweza kulichagua kwa sababu sijasikia, na Ardis anamenya viazi, Gordi, mmoja tu, na maganda yanaanguka kwenye gazeti… ninainua kidole, si mbali, sentimita moja au mbili juu ya kitufe, na swali bado liko pale, na koti la Marlys bado limefungwa hadi shingoni, nasema, "Samahani, Marlys, nilikuwa sikusikilizi. Vua koti. Anza tena tangu kwenye sauti ya tatu."