Waya Alizounga Ambindwile

…hiyo usiikate, hiyo iache, alisema Tupokigwe moyoni, maana fundi Ackson alikuwa bado hajakata, ameishika tu waya kwa ncha ya koleo na anamtazama yeye mjane, anangoja, huku mvua inapiga bati la kibanda, na redio ya zamani ya valvu ya marehemu mumewe imelala kifudifudi mezani, mgongo wazi… ilitoa moshi Jumapili, kwaya ikiimba, pazia likashika moto na mjukuu amelala pale pale, Bwana akamlinda, na Geresoni mwanawe akasema mama, tupa hilo sanduku, siku hizi maduka yote ya mtaa wetu wa Bagamoyo yana redio za Dubai, nyepesi kama sahani ya plastiki… ndiyo, zipo, lakini marehemu Ambindwile hakuzigusa hizo, na ameshalala kaburini Ibighi, chini ya saruji… tazama mikono ya huyu Ackson, haina haraka, anatoa waya moja na kutia moja, hatoi mbili kwa pamoja asije akapotea njia, mpira wa waya kuukuu umekauka, ukiugusa unapukutika, lakini kile kitambaa kilichoufunika anakivua taratibu, kama soksi ya mtoto aliyelala, anaivalisha waya mpya, na vile vikopo vya umeme, kapasita zilizokufa, hakuzitupa, alizipasha moto, akazitoa matumbo, akatia ndani kapasita mpya ndogo kama punje ya harage, akaziba kwa nta ile ile, ukitazama hujui pameguswa, ee Kyala, Mungu wangu, nani siku hizi anafanya kazi nzuri namna hii halafu anaificha… sasa amefika hapa, penye kiungo kilichofungwa kwa uzi wa gunia la chai na kipande cha tyubu ya baiskeli.

“Mama, aliyeunga hapa ni nani?”

Baba Geresoni, alimjibu, na fundi akainama, akatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

“Alikuwa na mkono mzuri. Lakini tyubu imeoza, mama. Nikiacha, itawaka tena.”

…alikuwa na mkono mzuri, hakuna aliyesema hivyo msibani, walisema alikuwa mcha Mungu, mpole, koti wakalichukua nduguze, na jembe, na baiskeli, na alichokifunga kwa vidole vyake kimebaki hiki tu, kikienda hiki atakuwa wapi… jioni ile ya kuunga Ambindwile alilikunja shati mikono, redio kainunua kwa karani wa kiwanda cha chai, akaifungua, akakuta kiungo cha karani, kimeshonwa vizuri, naye Tupokigwe akamwambia si ukiache tu, mwenzio kahangaika, na Ambindwile akacheka kile kicheko chake cha puani, “Tupo, waya si mtu,” akakivuta, akakitupa jivuni, hakukitazama mara mbili, akaanza kukata uzi wa gunia, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani… waya si mtu… kumbe hata yeye alikuta mkono wa mwingine, akautoa, redio ikaimba miaka yote ile, na karani hakupungukiwa kitu… koleo liko pale pale, mvua ile ile, Ackson bado anangoja, hajamharakisha, na alipofungua mdomo sauti ilitoka polepole.

“Kata, baba. Uunge kwa mkono wako.”